Fidla na chelo zinamezwa na sauti za kiwandani: mtambo upangweje?

Mkaa_wa_Mawe (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kundi lina watu wanne: fidla, chelo, mmoja wa sinthesaiza na kompyuta, na mpiga vyuma mwenye pipa la lita 200, shiti ya chuma ya milimita 1.5, mabomba kadhaa na springi za lori. Mwelekeo ni ule wa bendi za In the Nursery wa Sheffield, Uingereza, na Laibach wa Slovenia: ngoma za gwaride, mitambo, halafu nyuzi juu yake. Magitaa hayamo. Mpiga fidla ametoka kwenye taarab, wa chelo amesomea noti.

Bila spika kila mtu anasikika. Mtambo ukiwashwa, nyuzi zinapotea. Fidla na chelo zimebandikwa piezo (vihisi vya mtetemo) za duara za milimita 27, waya unaingia moja kwa moja kwenye mlango wa laini wa mikseri. Sauti inatoka nyembamba, inalia kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Tukiongeza chelo inaanza kuvuma yenyewe, siku zote maeneo ya G hadi A ya chini. Tukiipitisha kwenye distosheni (kifaa cha kukwaruzisha sauti), noti mojamoja ni tamu, lakini mbili kwa pamoja ni tope tupu. Halafu kiki (ngoma ya besi) ya kompyuta inameza upande wote wa chini wa chelo.

Tuanzie wapi? Na hizo bendi za Ulaya zinatumia nyuzi halisi au za kompyuta? Tafadhali msiniambie "nunueni chelo ya umeme", hela hiyo haipo.

Fundi_Waya

Mkuu, ikwalaiza iache kwanza. Huyo mbu anatokea kwenye mlango mlioingizia waya.

Piezo ya milimita 27 kiumeme ni kapasita, kama nanofaradi 20 hivi. Mlango wa laini wa mikseri nyingi una ukinzani wa kiloomu 10 au zaidi kidogo. Vikikutana hivyo viwili vinakuwa kichujio cha kukata besi, na mahali kinapoanza kukata ni 1 ÷ (2 × 3.14 × R × C). Weka oomu 10,000 na nanofaradi 20, unapata karibu Hz 800. Kila oktava unayoshuka chini ya hapo unapoteza desibeli 6. Uzi wa G wa fidla ni Hz 196, kwa hiyo desibeli 12 zimeshakwenda. Uzi wa C wa chelo ni Hz 65, hapo zimeondoka zaidi ya 20. Ukijaribu kuzirudisha kwa ikwalaiza, utarudisha na mngurumo wote wa umeme.

Ukinzani wa mlango ukiwa megaomu 1, kikomo kinashuka hadi Hz 8 na chelo inarudi nzima. Njia ya haraka ni mlango wa gitaa wa kadi ya sauti, ambao kwa kawaida ni megaomu 1. Njia nyingine ni kisanduku cha DI (cha kuunganisha ala na mikseri) kinachotumia umeme, wa betri au volti 48 za mikseri. DI ya transfoma isiyotumia umeme huwa kiloomu 140 hivi. Kikomo chake kwa piezo yenu ni Hz 57, kwa hiyo fidla itakuwa salama na chelo itapungua kidogo tu kwenye uzi wa C.

Hela ikiwa ngumu kabisa, tengenezeni wenyewe. IC (chipu) ya TL071, betri ya volti 9, resista mbili za kiloomu 10, moja ya megaomu 2.2, moja ya oomu 100, kapasita ya nanofaradi 100 na mbili za mikrofaradi 10. Zile za kiloomu 10 zinagawa volti 9 nusu kwa nusu, na kapasita moja ya mikrofaradi 10 inatuliza hiyo nusu kwenda hasi. Megaomu 2.2 inaipeleka nusu hiyo kwenye mguu wa 3. Piezo nayo inaingia mguu wa 3, kupitia nanofaradi 100. Mguu wa 6 unganisha na wa 2. Sauti inatoka mguu wa 6 kupitia mikrofaradi 10 ya pili (upande wa chanya uelekee IC) kisha oomu 100. Mguu wa 7 ni chanya ya betri, wa 4 ni hasi. Betri moja itakwenda zaidi ya saa 100.

Mkibandika piezo kwenye pipa, hiyo ni habari nyingine. Nyundo ikitua, piezo inaweza kutoa volti nyingi na kuua IC. Weka resista ya kiloomu 10 kabla ya mguu wa 3, na diodi mbili za 1N4148 kutoka mguu huo: moja ielekee chanya, nyingine itoke hasi.

Kwenye kuchomea risasi ndipo piezo nyingi zinapofia. Duara jeupe la katikati ni kauri yenye utando mwembamba wa fedha. Ncha ya moto ikikaa zaidi ya sekunde moja au mbili, utando unabanduka na piezo inabaki na sauti dhaifu au haitoi kabisa. Paka risasi kwenye waya kwanza, gusa pembeni mwa hilo duara jeupe, toa. Tumia waya wa maiki wenye wavu: uzi wa ndani kwenye kauri, wavu kwenye shaba. Kisha funga piezo kwa utepe wa umeme, juu yake karatasi ya shaba iliyoungwa na wavu. Ukiacha kauri wazi itapokea mngurumo wa kila taa iliyo ukumbini.

Mtu atakuja hapa kukwambia waya mrefu unaua sauti ya piezo. Kwa pikapu ya gitaa ni kweli. Kwa kapasita ya nanofaradi 20, waya wa mita 5 wenye pikofaradi 100 kila mita unakupunguzia robo ya desibeli tu. Urefu unaleta kelele za umeme, toni haiguswi.

Dada_Chelo

Nimeona umetaja G hadi A ya chini. Hiyo ni hewa iliyo ndani ya boksi la chelo. Kila chelo ina mlio wake wa kwanza wa hewa, kwa kawaida kati ya Hz 90 na 110. G ni Hz 98, A ni Hz 110. Spika ikitoa noti hizo, boksi linaitika, piezo inasikia, mzunguko unaanza.

Fuata mpangilio huu, na usiruke hatua. Bonyeza kwanza kitufe cha kugeuza awamu kwenye chaneli ya chelo; mara nyingi mvumo unahama au kupungua, na ni bure. Kisha mhamishe mpigaji nyuma ya mstari wa spika kubwa, na ile spika ya jukwaani isitazame tumbo la chelo. Kisha kata kila kilicho chini ya Hz 60. Ukivuma bado, tafuta noti yenyewe kwa ikwalaiza nyembamba na ushushe desibeli 6 mpaka 9, hapo tu. Mwisho ni sponji kwenye matundu ya f: vipande viwili laini vilivyofungwa uzi wa kuvutia nje, visikazwe. Sponji inaua nusu ya uzuri wa chelo isiyo na spika, lakini jukwaani kwenye kelele za vyuma hakuna atakayeulizia.

Usichanganye jambo hilo na noti ya mbwa mwitu. Hiyo inatetemeka hata bila umeme, mara nyingi maeneo ya E hadi F♯, Hz 165 hadi 185. Dawa yake ni kibomba kidogo cha shaba chenye mpira ndani, kinachofungwa kwenye uzi wa G au C chini ya daraja. Kisogeze juu na chini mpaka mtetemo utulie. Distosheni inaikuza noti hii vibaya sana, kwa hiyo malizeni kabla ya kufika huko.

Sasa tope. Distosheni ikipokea noti mbili, inazalisha na tofauti ya mitetemo yake. Ukipiga G (98) na D (147) pamoja, tofauti ni 49, ambayo ni G ya oktava ya chini. Ndiyo maana kwinta (noti mbili zilizoachana kama hizo G na D) ikipita kwenye distosheni inanenepa. Chukua A (220) na C♯ (277.2) kama sinthesaiza inavyozipanga: tofauti ni 57.2, wakati A ya oktava mbili chini ni 55. Hiyo 57.2 imepanda senti 67, theluthi mbili za nusu toni, kwa hiyo chini ya noti hizo mbili kuna noti ya tatu iliyo nje ya wimbo. Hilo ndilo tope lenu.

Chelo haina vizuizi vya shingo, na hapo ndipo inapoishinda sinthesaiza. Mwambie mpigaji ashushe ile C♯ senti 14, ifike Hz 275. Tofauti inakuwa 55 kamili na tope linaondoka bila kununua kitu. Sharti lake: sinthesaiza isipige C♯ wakati huo. Waachieni nyuzi terza yote (noti kama hiyo C♯ juu ya A), mashine zishike mzizi na kwinta.

Kuhusu mpangilio wa distosheni, gawa sauti ya chelo njia mbili. Moja safi, iliyokatwa juu ya Hz 250, ndiyo inayobeba uzito. Nyingine kata chini ya Hz 150, ipitishe kwenye distosheni, halafu kata juu ya kHz 5. Bila hilo kata la mwisho, mkwaruzo wa rozini unakuwa msasa. Anzeni na safi kidogo zaidi ya chafu. Na kama kuna kompresa (kifaa cha kusawazisha ukubwa wa sauti), iwe baada ya distosheni, kwa sababu ikitangulia inainua kila mguso wa upinde na kila kiatu kinachogonga jukwaa.

Kinanda_Kimoja

Kwenye swali la Ulaya: zote mbili, na inategemea nani.

In the Nursery ni ndugu pacha, Klive na Nigel Humberstone, walioanza Sheffield mwaka 1981. Mwanzoni walikuwa wakali na wenye magitaa, kisha wakahamia kwenye snea (ngoma ndogo) ya gwaride na okestra inayojengwa kwa sinthesaiza na sampuli (sauti za ala zilizorekodiwa). Tangu 1996 wametoa muziki wa filamu za kimya, na humo unasikia vizuri mbinu yao: nyuzi zinakwenda polepole sana, ngoma ndiyo inayokimbia. Laibach walianzia Trbovlje, mji wa machimbo ya makaa, mwaka 1980. Kazi yao ya 2008 juu ya fyuga za Bach (tungo ambazo sauti zinafuatana kwa kuigana) haina okestra. Bach mwenyewe hakuandika zipigwe na ala gani, wao wakaziweka kwenye mashine. Einstürzende Neubauten wa Berlin ndio wa vyuma halisi. Kwenye kazi yao ya 2014 kuhusu Vita Kuu ya Kwanza, iliyoagizwa na mji wa Diksmuide wa Ubelgiji, kuna kipande cha mabomba ya plastiki: kila bomba ni nchi, kila pigo ni siku moja ya vita, mapigo 120 kwa dakika. Vita ilikuwa siku 1,568, kipande kinakwenda dakika 13 na sekunde chache. Yaani hesabu ndiyo iliyopanga muziki, na hakuna aliyehitaji kuongeza huzuni.

Na tusijidai ni jambo la juzi. Wagner aliandika fuawe 18 ndani ya opera iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1869. Mosolov, mtunzi wa Urusi, aliweka shiti ya chuma ndani ya okestra miaka ya 1920. Wote hao walifanya kitu ambacho bendi nyingi changa hazifanyi: chuma kinaingia, kinasema, kinatoka. Kikipiga mfululizo dakika nne, sikio linakihesabu kama upepo, na nyuzi zinabaki kupigana na kitu ambacho hakuna tena anayekisikiliza.

Kama mtaweka nyuzi za sampuli chini ya fidla halisi, jueni kwamba sampuli nyingi za nyuzi zinachelewa kufika kwenye noti, hasa za polepole. Zisogezeni mbele ya mapigo kwa milisekunde 60 hadi 80 kwenye programu. Na oktava msiifanye moja. Sampuli ya fidla ikiwa juu ya fidla halisi kwenye noti ileile, ile halisi inaonekana haijui kupiga, kwa sababu sampuli haisogei. Iwe oktava chini, au iwe viola.

Mkaa_wa_Mawe

Aisee, asanteni. Mlango wa gitaa umefanya kazi, chelo imerudi. Yamebaki mawili. Kiki bado inagongana na chelo. Na mpiga fidla akiingia kwenye Rast (maqam, yaani skeli ya Kiarabu), sinthesaiza yote inasikika imeharibika.

Kinanda_Kimoja

Kiki ipandishwe toni au ishushwe ikae kwenye F ya chini, Hz 44 hivi. C ya chelo iko 65, hawatagusana tena.

Fundi_Waya

Hapo sikubaliani na wewe, Kinanda. Spika za inchi 15 za ukumbi wa kawaida zinaanza kuchoka maeneo ya Hz 45 hadi 50. Ukishusha kiki mpaka 44, kwenye vipokea sauti vya masikioni itakuwa kubwa, ukumbini itabaki pumzi tu. Iacheni 50 hadi 60, chelo ndiyo ihame. Kiki ikipiga kila pigo, chelo isishuke chini ya uzi wa D (Hz 147). Ikitaka kushuka hadi C, kiki ipumzike au ipige mara moja kwa baa.

Mkilazimika vyote viwe pamoja, kompresa ya chelo iamshwe na kiki, kwenye ile njia safi tu. Mshuko wa desibeli 3 au 4, ianze ndani ya milisekunde 2, iachie ndani ya 100. Kwa mapigo 96 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 625, kwa hiyo chelo ina nafasi ya kurudi. Mkizidisha desibeli 6, upinde utasikika unakatwakatwa, kwa sababu noti ya upinde inaishi katikati yake, haina pigo kali la mwanzo kama piano.

Udi_na_Uambari

Shikamooni. Hilo la Rast nalijibu mimi.

Rast ikianzia C, E na B zinashuka robo toni. Sinthesaiza yenye upangaji wa noti mojamoja: weka E kwenye −50 na B kwenye −50, zilizobaki sifuri. Kibodi nyingi za Kiarabu zina vitufe vyake kabisa, na programu nyingi za kompyuta zinapokea faili la skeli. Msisahau kurudisha sifuri wimbo ukiisha. Wimbo unaofuata ukiwa C meja, mtadhani fidla ndiyo mbovu.

Hata hivyo msitegemee namba. Mpiga fidla wa taarab haweki E yake senti 50 kamili. Akipanda anaivuta juu kidogo, akishuka anailegeza. Mashine haifanyi hivyo. Suluhisho ni lile aliloliandika Dada_Chelo kwa sababu nyingine: mashine zishike C na G, zikitaka kunguruma zingurume kwa distosheni kadiri zinavyotaka, kwa kuwa tofauti ya kwinta inaanguka kwenye C. E ibaki mali ya fidla. Chelo nayo ikae kwenye C na G, au ifuate fidla oktava chini, ikisikiliza.

Mengine mawili. Fidla ya taarab ina mapambo mengi madogomadogo. Rivabu (mwangwi) ya sekunde 4 mnayoipenda kwenye muziki wa kiwandani inayageuza ukungu. Sekunde 1.2 mpaka 1.5 zinatosha, na rivabu ichelewe kuanza kwa milisekunde 40. Na kabla ya wimbo wowote, A ya wote iwe moja. Wa okestra wengi wanatumia Hz 442, sinthesaiza inawashwa ikiwa 440. Senti 8 si nyingi mpaka distosheni izikute.

Nyundo_ya_Saa_Kumi

Mmeongea nyuzi tu, vyuma vimesahaulika, na vyuma ndivyo vinavyogongana na fidla.

Rekodi kila chuma pigo moja, angalia spektra (mchoro wa nguvu ya kila Hz), andika kilele chenye nguvu zaidi. Chuma hakina mpangilio wa noti kama uzi, vilele vyake havifuatani kwa mara mbili, mara tatu. Lakini sikio linashika kile kikubwa. Pipa likiwa na kilele cha Hz 207, hiyo ni G♯. Wimbo ukiwa G mmetafuta ugomvi. Tia maji: kadiri pipa linavyojaa, sauti inashuka. Ongeza kidogokidogo huku ukigonga, weka alama ya rangi ndani kwenye kina kinachofaa. Maji hayo yakitikiswa njiani sauti inayumba, kwa hiyo jazeni palepale jukwaani.

Mabomba ndiyo yanayotunika vizuri. Bomba la urefu wowote litundike kwenye 22.4% ya urefu kutoka kila ncha, kwa mpira au kamba ya nailoni. Hapo chuma hakitikisiki, kwa hiyo kamba haizimi sauti. Bomba la sentimita 100: tundu kwenye 22.4 na 77.6. Ukilitundika kwa ncha unapata "ka!" na basi. Kukata: sauti inapanda kwa kinyume cha mraba wa urefu. Kwa kipenyo na unene uleule, oktava ya bomba la sentimita 100 ni sentimita 70.7, kwinta ni 81.7, kwarta (kama C hadi F) ni 86.6. Kila nusu toni zidisha urefu kwa 0.9715. Kata milimita 3 zaidi ya hesabu, kisha piga tupa mpaka ifike, kurefusha haiwezekani.

Shiti ya milimita 1.5 itundikwe kwa pembe mbili za juu. Piezo ibandikwe karibu na ukingo, sentimita 10 kutoka pembeni, halafu maiki ya kawaida sentimita 30 mbele yake. Piezo peke yake inatoa radi nzuri lakini haina hewa. Sauti ya shiti inajaa kuanzia kHz 1 hadi 4, na fidla inang'aa maeneo ya kHz 2 hadi 3. Kwa hiyo punguza desibeli 4 kwenye shiti maeneo ya kHz 2.5, kwa upana, na fidla itatokea bila kuongezwa hata kidogo.

Mkaa_wa_Mawe

Mpiga vyuma anauliza kama anaweza kutumia grainda jukwaani, kama Neubauten wa zamani.

Nyundo_ya_Saa_Kumi

Anaweza, na pia anaweza kufunga onyesho. Pale ICA, kituo cha sanaa cha London, Januari 1984, mashine za kutoboa ziliingia jukwaani na jukwaa likaharibiwa. Ni historia nzuri kusoma ukiwa umekaa mbali.

Kwanza umeme. Mota ya grainda ina brashi, zinatoa cheche za ndani na kelele inapanda kwenye waya wa umeme mpaka kwenye mikseri. Ichukue umeme wa saketi tofauti na mtambo wa sauti, yenye kikatio cha miliampia 30. Piezo zenu zenye ukinzani mkubwa zitasikia hata hivyo, kwa hiyo chaneli za fidla na chelo zizimwe sekunde hizo. Pili cheche: zinaruka mita kadhaa, na pazia, rozini na nywele za upinde vyote vinashika moto. Tatu, ambalo watu hawalifikirii: vumbi la chuma linapitisha umeme. Feni ya kompyuta inalivuta ndani, na fada (vitelezi vya sauti) za mikseri zinaanza kukwaruza. Kinga ya diski isitolewe kwa ajili ya kupendeza, na miwani ivaliwe.

Ushauri wangu: rekodi grainda nje, maiki mita 2 pembeni mwa mstari wa cheche, kata vipande vya sekunde mbili, apige kwa pedi. Watazamaji wakitaka cheche waende kwa mchomeleaji.

Dada_Chelo

Naongeza la masikio, kwa sababu mpiga fidla anakaa karibu na hiyo shiti. Kiwango cha kazini cha NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda unakatwa nusu. Kwenye 100 ni dakika 15. Mazoezi ya saa mbili ndani ya chumba cha bati yanavuka hapo. Vizibo vya sponji vinakata sauti za juu zaidi na mpiga nyuzi anaishia kukosea toni. Vipo vya wanamuziki vinavyopunguza sawasawa. Kama wanatumia vipokea sauti, kliki (mdundo wa kuongoza mwendo) iwe sikio moja, na shiti iwe mita 3 au zaidi kutoka kwa fidla.

Na umbali huo usiwape hofu ya kuchelewa. Sauti inakwenda sentimita 34 kwa milisekunde, mita 3 ni milisekunde 9. Bafa (akiba ya sauti inayosubiri ndani ya kompyuta) ya sampuli 128 kwenye kHz 48 ni milisekunde 2.7 tu. Watu wanahangaika kushusha bafa mpaka 32, kompyuta inaanza kupasuka sauti, wakati spika waliyoiweka mbali imeshawachelewesha mara tatu ya hapo.

Udi_na_Uambari

Kama mko pwani, chelo isilale stoo moja na vyuma. Gundi ya fidla na chelo za jadi ni ya ngozi, joto na unyevu vinailegeza na mishono inafunguka pembeni. Dalili ni mlio kama wa nyuki kwenye noti fulani, na kwa kuwa mna distosheni mtadhani ni spika. Gonga ukingo wa chelo kwa kifundo cha kidole, ukizunguka pole pole. Pale pamefunguka patajibu kwa sauti iliyokufa. Fundi aunge kwa gundi hiyohiyo ya ngozi. Gundi ya mbao ya dukani ikiingia mle, siku nyingine ubao utapasuka kabla ya mshono kuachia.